Tukiomba Ruzuku, Tuombe Tunachokihitaji



Twapenda kulizungumza jambo ambalo limekuwa likisemwa sana mabarazani tangu mkutano wa matawi uliopita, nalo ni hili: je, chama chetu kiombe ruzuku katika mifuko inayosaidia jumuiya, au kisiombe? Jambo hili litaletwa mbele ya Mkutano Mkuu, na kila mwanachama atakuwa na kura yake. Yafaa basi kila mtu aje mkutanoni hali amekwisha kulifikiri, kuliko kulisikia pale pale akanyosha mkono kwa kumfuata jirani yake.

Maoni tuliyoyasikia ni ya namna mbili. Wako wazee wetu wanaosema kwamba fedha ya mgeni ni kamba. Leo hufunga mzigo, kesho hufunga shingo. Na wako vijana wetu wanaosema kwamba mifuko ni mingi na fedha ziko, basi tuombe kila mahali na tuandike lolote wanalotaka kulisoma, maadamu fedha zitoke. Sisi katika Kamati twaona kwamba kila upande umeshika kipande cha haki, na kila upande umeacha kipande. Maoni yetu ni kuwa tuombe, lakini tuombe kitu ambacho tungekifanya hata kama tungenyimwa, na tusiombe mpaka daftari zetu ziweze kufunguliwa mbele ya mtu yeyote.

Kwanza tufahamishane mifuko hii ni kitu gani. Mfuko wa jamii wa kwanza ulianzishwa Marekani, katika mji wa Cleveland, mwaka 1914. Mwanzilishi wake, Frederick Goff, alikuwa mtu wa benki, naye aliona matajiri wakifa na kuacha mali kwa shughuli ambazo baada ya miaka hazikuwa na maana tena. Akapanga mali za watu wengi ziwekwe pamoja, zisimamiwe na kamati, na faida yake itolewe kila mwaka kwa haja za mji kwa kadiri haja zinavyobadilika. Kwetu hapa jambo hilo si geni. Ni jamaa ya wakf: shina halikatwi wala haliuzwi, hutolewa matunda tu. Mwenye shamba la mikarafuu hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Katika Afrika ya Mashariki, wenzetu wa Kenya walianzisha mfuko wao, Kenya Community Development Foundation, mwaka 1997. Tanzania iko The Foundation for Civil Society, iliyoandikishwa mwaka 2002 na yenye makao yake Dar es Salaam, ambayo imetoa ruzuku Bara na Visiwani. Huo hasa haukuanza kwa mali ya wakf, bali kwa fedha za nchi wafadhili, na tofauti hiyo tutairudia huko mbele. Uko pia mpango wa ruzuku ndogo za mazingira wa GEF, ulioanza mwaka 1992 na kuendeshwa kupitia UNDP, ambao kwa miaka mingi kikomo chake kilikuwa dola 50,000 kwa mradi mmoja. Mpango huo hutaka waombaji nao watoe sehemu yao, ama kwa fedha, ama kwa kazi ya mikono na vifaa.

Sasa, kwa nini twaleta habari za Tabora katika gazeti la wakulima wa karafuu? Kwa sababu wajumbe wetu wawili walikwenda huko kujifunza kwa kikundi kimoja cha wafuga nyuki, ambacho kimekwisha kuomba ruzuku mara tatu. Mara moja kikanyimwa na mara mbili kikapata. Wafuga nyuki wa Unyamwezi wana hali kama yetu. Zao lao latoka mtini, lina msimu wake, haliwezi kuharakishwa, na mwenye kulinunua ndiye mwenye nguvu kuliko mwenye kulivuna. Tena adui yao ni mmoja na wetu: mti unaokatwa. Huko miombo hukatwa kwa kukaushia tumbaku na kwa mkaa. Hapa mikarafuu huzeeka, na mingine hukatwa kwa kuni na kwa viwanja vya nyumba.

Wajumbe wetu walieleza kwamba maombi ya kwanza ya kikundi kile hayakukataliwa kwa sababu mradi ulikuwa mbaya. Yalikataliwa kwa sababu jina la kikundi katika cheti cha kuandikishwa halikuwa sawasawa na jina lililokuwa benki, na watia sahihi wawili kati ya watatu walikuwa wa nyumba moja. Mwaka mzima ukapotea kwa jambo ambalo lingetengenezwa kwa siku moja. Mara ya pili walipata, lakini fedha zilifika baada ya maua ya miombo kuanza, na mizinga hutakiwa itundikwe kabla nyuki hawajatafuta makao. Mara ya tatu ndipo walipokuwa na akili ya kuandika ndani ya andiko lao kalenda ya nyuki, wakamwambia mfadhili kwa adabu kwamba fedha ikichelewa kupita mwezi fulani, kazi ya mwaka huo imekwisha. Mfadhili akakubali. Hili tulishike sana. Mtu aliye ofisini mjini hajui siku ya kuchuma. Hajui kwamba karafuu ikishafunguka ua haina bei tena. Asipoambiwa, si kosa lake.

Tabora yenyewe ni mji ambao ulijengwa juu ya mali ya watu wengine iliyokabidhiwa kwa amana na kwa deni. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo, kupita Mpwapwa na Kilimatinde, kufika Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji, ndiyo iliyounganisha Unguja na bara kabla ya reli, ambayo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Hatusahau kwamba njia ile ilipitisha pembe na ilipitisha watu waliofungwa minyororo, na mashamba ya karafuu ya visiwa hivi yalilimwa kwa jasho la watumwa. Mwaka 2006 njia hiyo iliwekwa katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO kwa jina la njia ya biashara ya watumwa na pembe, na jina hilo ni la haki. Lakini katika njia hiyo hiyo walipita maelfu ya wapagazi wa Kinyamwezi, watu huru waliojiajiri, na baada ya utumwa kuondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, wengine katika jamaa zao walikuja kufanya kazi ya ujira katika mashamba ya karafuu. Hata leo wako kati yetu wanachama ambao babu zao walitoka huko.

Sasa tazameni biashara ile ilivyokwenda. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyefariki Unguja mwaka 1905, hakwenda bara kwa mali yake peke yake. Alichukua bidhaa kwa matajiri wa Unguja, akiwamo Taria Topan, nguo na shanga na bunduki, na malipo yakangoja mpaka arudi na pembe, pengine baada ya miaka. Tajiri aliyekaa Unguja hakuweza kumwona mtu wake akiwa Ujiji wala ng'ambo ya ziwa. Alichokuwa nacho mkononi ni maandishi na sifa ya mtu. Naye mpagazi alibeba kama frasila mbili, ratili sabini hivi, mwendo wa miezi, na mzigo ule haukuwa wake. Mpagazi wa Kinyamwezi alitafutwa kuliko mwingine kwa sababu ilijulikana kwamba mzigo alioutwaa pwani ndio atakaoutua Tabora.

Ruzuku si deni, hairudishwi. Lakini ni mzigo wa watu, na mwenye kuubeba huulizwa. Wengi wetu hapo ndipo tunapokosea, kwa kudhani kwamba kitu kisichorudishwa hakina hesabu. Sisi tuliosoma chuoni twajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Msahafu, ya 282 katika Surat al-Baqara, yahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Jambo la fedha halikuachwa kwa kuaminiana tu, hata baina ya watu wema. Basi mfadhili akitutaka stakabadhi asidhaniwe kuwa ametutukana.

Yafaa tuyataje mambo ambayo karibu kila mfuko huyataka, ili kila tawi lijipime. Hutaka cheti cha kuandikishwa. Wenzetu wa Bara waliandikishwa chini ya sheria ya mwaka 2002, na sisi Visiwani tuna sheria zetu na Mrajis wetu. Cheti cha upande mmoja hakijibu swali la upande wa pili. Hutaka katiba iliyopitishwa na wanachama, orodha ya viongozi na siku waliyochaguliwa, na muhtasari wa kikao kilichoamua kuomba. Hutaka hesabu ya benki yenye jina la chama na watia sahihi wasiokuwa jamaa. Hutaka hesabu za mwaka zilizokaguliwa. Kisha hutaka andiko lenyewe: shida ni ipi, inawapata nani, tutafanya nini, kwa muda gani, kwa gharama gani, na tutajuaje kwamba tumefaulu. Fedha nazo hazitolewi kwa mkupuo; hutolewa kwa awamu, na awamu ya pili haiji mpaka hesabu ya awamu ya kwanza ifike.

Tena yako mambo ya serikali. Bara, kanuni za mwaka 2018 ziliagiza kwamba jumuiya ikipata zaidi ya shilingi milioni 20 ipeleke mkataba kwa Msajili na Hazina katika siku kumi, na itangaze hadharani imepata nini na itatumia vipi. Wengine walinung'unika, lakini kwa chama cha wakulima kutangaza ni kinga. Fedha iliyobandikwa ubaoni mbele ya kituo cha kununulia karafuu hailiwi kwa urahisi kama fedha inayojulikana na watu watatu. Twapendekeza kwamba hata pale sheria isipotulazimisha, ruzuku yoyote ya chama hiki, iwe kubwa iwe ndogo, ibandikwe katika kila tawi.

Jambo jingine lataka kusemwa wazi, nalo ni kuwa ruzuku haigawanywi. Tumesikia wanachama wakiuliza kila mtu atapata kiasi gani. Hatapata kitu mkononi. Chama kisichofanya biashara ya faida hupewa fedha kwa kazi iliyoandikwa, na kazi hiyo ikimalizika na fedha ikabaki, hurudishwa au huombewa ruhusa itumike kwa jambo jingine. Atakayepiga kura ya ndiyo kwa kutumaini mgao, na apige kura ya hapana.

Kisha liko neno la hongo. Katika njia ya misafara hongo ilikuwa ushuru aliotozwa mwenye msafara na watemi wa njiani ili apite kwa amani, na ilikuwa jambo la dhahiri. Leo neno lile lile lina maana ya siri. Wamekwisha kutujia watu wanaosema kwamba wanajuana na wakubwa wa mifuko, na kwamba wakipewa ada ya mwanzo, au sehemu katika kumi, ruzuku itatoka. Mfuko wa kweli hauuzi fomu zake vichochoroni wala hautumi dalali. Mwenye kutaka kutusaidia kuandika na alipwe kwa kazi ya kuandika, kwa mapatano ya maandishi, tupate tusipate. Anayetaka sehemu ya ruzuku ni mshirika wa wizi hata kabla ya mali kuingia.

Sasa twafika penye ubishi wenyewe. Mbele ya Kamati yako matangazo mawili ya mifuko. La kwanza ni kubwa. Latoa fedha kwa semina na mafunzo ya uongozi kwa muda wa miaka miwili, na ndani yake mna pikipiki, kompyuta, na mshahara wa karani. La pili ni dogo, halifiki hata robo ya lile, nalo ni la kupanda miti na kuhifadhi udongo. Twaweza kuombea kitalu cha miche ya mikarafuu, tangi la maji, na majamvi ya kuanikia kwa matawi ambayo wanachama wake bado wanaanika pembeni mwa barabara.

Vijana wetu wataka tuandike lile la kwanza. Hoja yao si ya kipuuzi. Tukiliacha, tawi la mbali litaendelea kutembelewa kwa miguu, na daftari zitaendelea kuandikwa kwa kalamu usiku baada ya kazi za shamba. Hiyo ni hasara, wala hatutaificha. Lakini tujiulize: ni mwanachama gani aliyepata kusimama katika mkutano wa tawi akasema kwamba shida yake ni semina? Wamesimama wakasema miche iliyopandwa imekufa kwa jua. Wamesimama wakasema karafuu zao zimeshushwa daraja kwa sababu ya uanikaji. Tukiandika kwamba shida yetu ni semina, tutakuwa tumesema uongo katika ukurasa wa kwanza, na miaka miwili tutaishi ndani ya uongo huo, tukiandika ripoti za watu waliokaa vitini huku miche inakauka.

Wakoloni walipata kuonyesha pale Urambo, mkoani Tabora, fedha inavyoweza kuja bila kuuliza. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa karanga katika Tanganyika, Kongwa na Urambo na Nachingwea, kwa makisio ya pauni milioni 25 na zaidi ya ekari milioni tatu. Fedha hazikukosekana, wala matrekta, wala wataalamu. Kilichokosekana ni kuiuliza ardhi na watu wake. Kongwa mvua zilikuwa haba, na udongo ulipokauka ulikuwa mgumu hata karanga zenyewe hazikuchimbika. Januari mwaka 1951 mpango ukaachwa, na pauni zaidi ya milioni 36 zikafutwa katika vitabu. Urambo ikageukia tumbaku. Kama mamilioni hayo hayakuweza kuotesha karanga pasipotaka karanga, semina zetu nazo hazitaotesha mikarafuu.

Na wale wazee wanaosema tusiombe kabisa, tunawaambia hivi. Neno lenu kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini tumelisikia, na mwaka 2025 limethibitika mbele ya macho ya dunia. Januari mwaka huo serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nchi za nje, na ilipofika tarehe 1 Julai shirika lake la USAID lilikuwa limefungwa. Jumuiya nyingi za Afrika zilizokuwa na magari na maofisi zilifunga milango kwa wiki chache. Ndiyo sababu tulisema kwamba mfuko wenye mali yake kama wakf si sawa na mfuko unaongoja fedha za serikali za ng'ambo. Lakini jumuiya zilizoumia zaidi ni zile ambazo hazikuwa na shilingi ya wanachama. Dawa yake si kukataa ruzuku. Dawa ni kuwa na chetu kwanza.

Tufanye mfano wa hesabu. Wanachama 300 wakitoa shilingi 2,000 kila mwezi, ni shilingi 600,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 7,200,000. Fedha hiyo yaweza kuanzisha kitalu kidogo bila ya mtu yeyote wa nje. Na mfuko ukiona chama kimeanza kwa milioni saba za wanachama wake, utatoa kwa moyo mwingine, kwani mkono mtupu haulambwi. Hata ukikataa, miche itaota, labda michache kuliko tulivyotaka. Mkarafuu huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuchumwa mara ya kwanza. Ruzuku ya mwaka mmoja au miwili haitauona ukizaa. Aliyeupanda ndiye atakayeuona, na michango yake ndiyo itakayoumwagilia baada ya mfadhili kwenda zake.

Kwa hivyo Kamati italeta mbele ya Mkutano Mkuu mapendekezo manne. La kwanza, michango ya mwezi ianze kabla ya kuandika ombi lolote, na itolewe stakabadhi. La pili, hesabu za miaka miwili iliyopita zikaguliwe na mtu asiyekuwa mwanachama. La tatu, tuombe katika mfuko mdogo wa miti, na ndani ya andiko letu tuandike kalenda ya vuli na masika na ya uchumaji, kama walivyofanya wafuga nyuki wa Tabora. La nne, tangazo la semina tuliache lipite.

Tunajua pendekezo la nne litapingwa, na anayelipinga tunamwomba aje na jambo moja tu mkononi: orodha ya wanachama wa tawi lake waliosema wenyewe kwamba hiyo ndiyo shida yao. Akiileta, tutaisoma mbele ya mkutano kama tunavyosoma barua nyingine, na kura itaamua.

Matawi ambayo hayajaleta majina ya watia sahihi wao na nakala za muhtasari wa mikutano yanaombwa yafanye hivyo kabla ya Mkutano Mkuu.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Chama